Maji Meupe, Maji ya Buluu

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama na kitana mkononi na kichwa cha mteja kimesukwa nusu, mwambie avumilie, kwa sababu baba yako ameokota bahati ambayo watu wa mji huu wameitafuta kwa tochi wasiione. Salamu zitakuja baadaye, hazina miguu ya kukimbia.

Gereji yetu imeletewa gari. Nasema gari kwa sababu sina neno lingine. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Ni gari la zamani, la bati zito, ambalo mwenyewe alianza kulitengeneza upya miaka kumi na miwili iliyopita akafa kabla halijakwisha. Paa limekatwa likashushwa, likawa kama mtu aliyevuta kofia usoni. Vitasa vya milango vimeng'olewa na matundu yake yakazibwa, hujui pa kushika. Halafu Bwana Rangi wetu, fundi wa kupuliza, akalipiga buluu. Usifikirie buluu ya sare ya shule. Hii ni buluu ile ya mbinguni dakika chache kabla jua halijatoka, wakati mtu hajui kama ameamka au bado anaota. Juu yake akamwaga vanishi isiyo na rangi, tabaka nne, kama kioo juu ya picha.

Sasa vanishi ikikauka haiwi laini, mwanangu. Inakuwa na vinundu vinundu kama ganda la chungwa. Lazima apatikane mtu mmoja, na msasa laini wa kulowesha, na ndoo ya maji, na subira ya kobe, avisugue vile vinundu mpaka vilale, na asizidishe hata unene wa unywele. Kisha aling'arishe kwa mashine mpaka mtu ahesabu meno yake kwenye mlango. Tuko mafundi sita. Bosi alitupitisha macho mmoja mmoja kama anachagua tikiti maji, akafika kwangu, akasema mbele ya wote: "Huyu. Vidole vya huyu vingewekewa mlinzi."

Umesikia? Mlinzi! Hiyo ndiyo bahati yangu, nilizaliwa nayo kwenye ncha za vidole kumi. Nikigusa bati nasikia kila kitu: chembe ya vumbi, unywele wa brashi, hata kama fundi aliyepuliza rangi aligombana na mkewe asubuhi ile. Na nikitaka kuwaringishia zaidi, nainama, naweka shavu kwenye boneti, nafumba macho. Wenzangu hudhani nimesinzia. Ni madoido tu, fundi mkubwa lazima awe na madoido.

Haya, salamu sasa. Mgongo wako vipi na hilo tumbo? Miguu haivimbi? Mume wako anakubebea maji au amejifanya haoni ndoo? Na mama yako, bado ananisema? Mimi nina afya ya kuudhi watu.

Mimi baba yako,
Vidole vya Bahati


Tarehe 21 Februari

Baba yangu,

Barua yako nimeipata, na mteja wangu alivumilia kweli, maana nilimsomea yote. Ametaka kujua kama hilo gari lina kaka.

Sisi wazima. Mgongo unauma ninapokaa na unauma ninaposimama, kwa hiyo nimeacha kuubembeleza. Mume wangu anachota maji na anayamwaga nusu njiani. Mama yuko vizuri, amesikiliza barua yako akiwa anapepeta mchele, hakuinua uso. Mwisho akasema: "Mwulize kama hivyo vidole vyenye mlinzi vimesahau kuandika nyumbani kwa miezi minne." Nimeuliza, nisije nikaambiwa sikufikisha.

Baba, mkunga anasema ni mwezi wa tano, katikati au kabla. Uliondoka nikiwa na miaka kumi na sita, sasa nina ishirini na mitano. Nakuomba jambo moja na sitaki zawadi: uwepo hapa mtoto anapozaliwa.

Nitakwambia kwa nini. Nilipokuwa mdogo nikiugua, mama alikuwa anatafuta kipimo cha homa kila droo, na wewe unaweka vidole viwili hapa, juu ya nyusi, unasema, "Bado kidogo," au unasema, "Hii ni ya kweli, tuondoke." Hukukosea hata siku moja. Mpaka leo nikisuka mtu, vidole vyangu vikipita juu ya nyusi zake, nasikia kama vyako. Nataka mwanangu aguswe hivyo, hata mara moja, ili nisije nikamsimulia kitu nikaonekana mwongo.

Hilo gari litakwisha lini? Nieleze kazi yenyewe, maana huku tunajua kuosha gari tu. Na kwa nini ulaze shavu kama vidole vinatosha?

Mwanao


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Umeuliza kazi, kaa nikupeleke kazini.

Asubuhi mlango mkubwa wa gereji unafunguliwa na mwanga unaingia mlalo, unagusa gari ubavuni. Wenzangu bado wanapiga miayo. Mimi nakata msasa vipande, navilaza kwenye ndoo vinywe maji, natia tone moja la sabuni. Navifunga kwenye kibao kidogo cha mpira. Kila ukingo wa bati naubandika utepe kwanza, kwa sababu kwenye ukingo vanishi huwa nyembamba kama ngozi ya maziwa. Pale ukipitisha msasa mara mbili tu umeharibu. Halafu nalowesha, naanza. Mstari mmoja, mrefu, mwepesi. Mkono hausukumi. Mkono unasindikiza.

Na sauti, mwanangu! Mwanzoni inakwaruza kama mtu anayekula muwa. Taratibu inashuka, inakuwa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, halafu kimya. Ukisikia kimya, pale pamelala.

Sasa nikufundishe siri ya kazi yote. Ni maji. Msasa ukikata vanishi, maji yanayotiririka huwa meupe, meupe kama maziwa. Maji yakiwa meupe, piga mluzi, uko salama. Lakini siku maji yakitoka buluu, ujue umemaliza kioo na sasa unaila picha. Hapo hakuna dawa. Boneti nzima inarudi kwa Bwana Rangi, naye hataki hata kukuona kwenye foleni ya chai. Mimi katika maisha yangu maji ya buluu nimeyaona kwa wengine tu.

Ukimaliza kusugua, gari linakuwa baya. Linafifia lote, kama kioo kilichopumuliwa. Mtu asiyejua hulia. Kisha unachukua mashine ya kung'arishia, yenye sponji ya duara, unapaka dawa, unaiwasha polepole, na inatokea, wallahi, kama mtu anafuta ukungu dirishani. Kwanza unaona taa ya darini. Halafu unaona dari. Halafu unaona mlango, na nje ya mlango mti, na juu ya mti wingu linapita ndani ya boneti yako, na wewe uko pale umeinama juu ya mbingu na kiatu chako kina tundu.

Kila Ijumaa mwenye gari anakuja, mjane wa yule aliyelianza. Anakuja na kiti chake cha kukunja, anakikunjua, anakaa hatua kumi kutoka kwenye gari, mkoba mapajani, kama anasubiri gari lianze mazungumzo. Juzi akaniambia, "Mume wangu alikuwa akisema likikamilika halitaonekana. Utaona anga tu, na magurudumu." Nikamwambia, mama, mpaka mwezi wa nne utakuwa unalitafuta kwa kupapasa. Akacheka. Bosi anasema hajawahi kumwona akicheka.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Mwezi wa nne gari limekwisha, mwezi wa tano niko hapo, mkunga anisogezee kiti. Mwambie mama yako atandike kitanda, na aache kupepeta mchele akiwa na hasira, atavunja chembe.

La shavu nimekwambia, ni madoido.

Baba yako,
Vidole vya Bahati


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Leo fupi, miguu imekuwa kama mito ya kulalia.

Sote wazima, na wewe tunakuombea hivyo. Mama ametandika. Nimeona ametoa shuka la maua lile ambalo hataki hata mimi nilikalie. Chumba kile cha nyuma amekipaka chokaa mwenyewe na kujipaka usoni pia.

Mtoto anageuka sana asubuhi, hasa nikisoma barua ile ya wingu ndani ya boneti. Nimeisoma mara nyingi, karatasi inaanza kuchoka kwenye mikunjo. Usiku ule nilipoisoma mara ya kwanza niliota nimeinama juu ya beseni, ndani ya maji kuna anga, na mtu ananifuta uso kwa kitambaa laini. Sikumwona, ila nilijua ni nani.

Mama anasema usijibebeshe vitu. Usituletee chochote, Baba. Lete vidole.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, mimi mzima kabisa, mzima kuliko siku zote.

Nilitaka kukwambia kazi inakwenda vizuri mno. Maji ni meupe. Boneti niko nayo sasa, ni meupe tu tangu asubuhi. Watu wanatoka gereji za jirani kuja kutazama. Jana alikuja mmoja akataka kunishika mkono, nikamwambia pole bwana, mkono huu una mlinzi.

Lakini ndiyo shida ya kuwa fundi mkubwa. Bosi hataki niondoke. Amenishika shati, karibu apige magoti. Kuna gari lingine linafuata hili, na lingine nyuma yake, wenye magari wote wanasema bila yule mzee hatuachi funguo. Kwa hiyo mwezi wa tano utanisamehe. Labda wa nane. Labda mwisho wa mwaka. Mtoto si ndizi, mwanangu, hataiva akaharibika, nitamkuta tu.

Mwambie mama yako hilo shuka alikunje asije akalichafua.

Maji ni meupe. Kila kitu kiko sawa.

Baba yako


Tarehe 30 Mei

Baba yangu mpenzi,

Amezaliwa tarehe kumi na moja, asubuhi, mvua ikinyesha. Msichana. Ana nywele nyingi, mteja wangu wa kwanza asiye na haraka. Mama anamwita Bibie kwa jinsi anavyotazama watu kama wamechelewa. Mimi nimepona. Bibie ananyonya, analala, anapiga chafya, anaanza upya.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine. Nikimnyonyesha nakuwa na mkono mmoja na muda mrefu, kwa hiyo nasoma barua zako. Ile ya mwisho nimeisoma mpaka nimeacha kuyaona maneno nikawa naiona karatasi.

Baba, karatasi ina dole gumba. Liko pembeni, chini, pale mtu anaposhikilia ukurasa asiukimbize upepo. Ni la buluu. Nimelipeleka mlangoni kwenye mwanga ili nisijidanganye kuwa ni wino. Wino wako mweusi. Hii ni buluu ile uliyoniandikia, ya kabla ya jua. Na umesema mara tatu kwamba maji ni meupe, wala hakuna aliyekuuliza.

Haya, mtu amekosea kazini, amekula picha. Hilo si kosa la kumfanya mtu asije kwao. Mimi mwezi uliopita nilimkata bibi harusi mtarajiwa nywele za mbele nikiota mchana, na bado nafungua mlango kila siku. Kwa hiyo niliendelea kutazama.

Lile dole lilikuwa limelowa. Karatasi imenyanyuka pale, imekauka kwa mikunjo. Na si moja, yako mawili, na nyuma ya karatasi kuna jingine. Uliandika barua nzima kidole kinachuruzika maji na hukusikia. Mtu yeyote angesikia karatasi inamganda. Mtu yeyote angejifuta kwenye suruali. Wewe uliyekuwa unasikia homa yangu kabla haijafika, hukusikia maji.

Halafu nikakumbuka shavu. Uliniambia ni madoido kabla sijauliza, na nilipouliza ukaniambia hivyo tena.

Baba, vidole vyako vina nini?

Sijamwambia mama. Hapana, hilo si kweli: nimemwambia, alinikuta nalia juu ya kichwa cha Bibie. Alichukua barua, akaweka dole gumba lake juu ya lako. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyatoa: "Mwambie mimi sikuolewa na vidole. Niliolewa na mdomo. Huo kama bado unafanya kazi, aulete."

Mwanao


Tarehe 14 Julai

Baba,

Sijapata barua. Wiki sita.

Bibie ameanza kucheka, lakini na ukuta tu. Kuna mahali pale chokaa ilipopasuka anapaona pana mchekeshaji.

Shuka liko kitandani. Mama hakulikunja.

Sitakuuliza tena. Nilitaka ujue tu kwamba swali liko pale pale, halijaenda popote.

Mwanao


Tarehe 6 Agosti

Mwanangu, na mama yako ambaye najua amesimama nyuma ya bega lako,

Hamjambo? Na Bibie hajambo? Mimi sijui nijibu nini nikiulizwa, kwa hiyo nitasema yaliyotokea, ninyi mtachagua jina.

Siku ile ya Aprili nilikuwa kwenye boneti, upande wa kushoto, pale bati linapopanda kidogo kabla ya taa. Mwanga ulikuwa mzuri. Nilikuwa naisikiliza sauti, unajua, ile ya kunong'ona, nikafika mahali nikawa siko gereji tena. Nilikuwa nyumbani, wewe una miaka sita, umelala kifudifudi, na mimi naupitisha mkono mgongoni mwako ili usinzie. Mstari mmoja, mrefu, mwepesi. Nilipofungua macho maji yalikuwa ya buluu. Yanashuka juu ya bampa taratibu, yanadondoka sakafuni, mazuri kweli. Nikakaa nayatazama kama mjinga.

Ule utepe wa kwenye ukingo ulikuwa umebanduka, umejikunja chini ya kibao. Mtoto angeusikia. Mtu mwenye glovu angeusikia. Mimi nilipita juu yake mara ishirini.

Nilikwenda nyuma, nikageuza ndoo nikaikalia, na barua yako ya "lete vidole" iko mfukoni. Nikakuandikia pale pale, kabla sijanawa. Nilidhani nikiwahi kuandika kuwa maji ni meupe yatakuwa yamekuwa meupe.

Ijumaa yake mjane akaja. Bosi alikuwa amefunika boneti kwa turubai, ananitazama nimweleze mimi mwenyewe. Nikalivuta turubai. Kulikuwa na doa, dogo kama jani, limekufa, halina kina. Mama yule akakunjua kiti chake. Akakaa. Akalitazama muda mrefu mpaka nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Nilidhani ni kivuli cha ndege," akatazama juu kidogo kama kumtafuta. Mwanangu, nimetukanwa katika lugha saba na hakuna tusi lililoniingia kama lile.

Bwana Rangi aliipiga upya boneti nzima. Alisugua na kung'arisha mwenyewe. Mimi nilipewa ufagio na bomba la kuoshea magurudumu, na ndiyo kazi yangu tangu siku hiyo. Hakuna bosi aliyepiga magoti. Hakuna gari la pili.

Vidole unavyouliza. Ni ile mashine. Inatetemeka, mwanangu, kutwa nzima, na mtetemo haubaki kwenye mashine, unahamia mkononi, na mikono yenyewe iko kwenye maji baridi tangu asubuhi. Miaka tisa. Kwanza vilikuwa vinageuka vyeupe kama chaki nikinawa. Baadaye vikawa vinawasha usiku. Baadaye vikaacha kuwasha, nikafurahi, nikadhani vimepona. Kumbe ndiyo vilikuwa vinaaga. Nafunga kifungo cha shati kwa kutazama kioo. Daktari aliniambia niache mashine na baridi, labda kidogo kitarudi, labda hakitarudi.

Na sababu ya kutokuja si gari. Ulipoandika mara ya kwanza kuhusu vidole viwili juu ya nyusi, nilikwenda chooni nikaweka vyangu juu ya nyusi zangu mwenyewe. Kulikuwa na kichwa pale, kwa sababu mkono ulisimama. Ni hivyo tu nilivyojua. Nikajiona nimekuja, umenipa mtoto ana homa, nyote mnanitazama nitasema nini, na mimi sisikii. Nikaona heri niwe baba wa kwenye barua, yule ana vidole.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita, halafu nimalize, karatasi ni ya mwisho.

Gari lilikwisha. Lilisukumwa mpaka mlangoni, mjane akaja na funguo, hakuja na kiti. Ni kweli halionekani. Kuna anga, na chini yake magurudumu manne, ambayo niliyaosha mimi. Mafundi wamejipanga. Bosi anamfungulia mlango na mjane haingii. Anasema, "Yule wa shavu yuko wapi?"

Nilikuwa nyuma na ufagio. Nikaja nao, sikujua pa kuuweka. Akaniambia, "Lisikilize kwanza. Sichukui kabla hujalisikiliza."

Nikainama. Hata kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, walikuwa wameizima. Nikalaza shavu kwenye boneti mpya nikafumba macho. Ilikuwa baridi, halafu ikawa vuguvugu, kama mtu anayekuzoea. Nikasogea taratibu, nikasogea, na karibu na taa ya kushoto nikasikia chembe. Ndogo, mwanangu, ndogo kuliko mchanga. Nikasema, "Hapa bado." Bwana Rangi akaja na uso umekunjamana, akapitisha kidole, akapitisha tena, mara ya tatu akasita. "Ipo," akasema. Akaenda kuchukua msasa wake. Maji yakatoka meupe.

Shavu limesalimika, mwanangu. Shavu halikushika mashine. Miaka miwili hii nimekuwa nikililaza kwenye magari nikiwaambia watu ni madoido, na ndilo lililokuwa linafanya kazi peke yake.

Kwa hiyo nakuja. Nimekwisha kumwambia bosi, ameniandikia barua nzuri kuliko ninavyostahili. Nitafika kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nitanyoa ndevu vizuri mlangoni kabla sijaingia, niandalieni maji ya moto, baridi sitaki kuiona tena. Mniwekee Bibie hapa shavuni, upande wa kulia. Nitawaambia kama ni bado kidogo au ni ya kweli. Na mama yake Bibie naye akitaka, mwana ni mwana hata akiwa na miaka ishirini na mitano, zamu yake ipo. Mama yako asihangaike, mdomo nauleta, haujapata hata mkwaruzo.

Moja limebaki. Ile barua ya kwanza. Bosi hakunichagua. Aliuliza nani ataweza, wenzangu wanajua uzito wa kazi wakasita, na mimi nikawahi kunyanyua mkono, mkono ambao ulikuwa hausikii kitu kwa miaka miwili. Hayo ya mlinzi nilijisemea mwenyewe. Bahati ya vidole sikuwa nayo siku ile, mwanangu. Nilikudanganya.

Baba